Msikiti wa Ramazan Efendi mjini Istanbul: Jina, Mtaa na Jengo

Katika eneo la Kocamustafapaşa, upande wa kusini-magharibi wa Istanbul ya kale, ndani ya ukuta mkongwe wa mji, pana msikiti mdogo wenye majina matatu. La kwanza ni la aliyeutolea mali: Hüsrev Çelebi. La pili ni la kazi yake: Bezirgân, yaani mfanyabiashara mkubwa, kwani Hüsrev alihudumia kasri la sultani kwa biashara. La tatu ni la sheikh aliyeishi na kufundisha hapo: Ramazan Efendi. Msikiti ulikamilika mwaka 994 wa Hijra, sawa na 1586 wa Miladia, katika zama za Sultani Murad III. Aliyeusanifu ni Mimar Sinan, msanifu mkuu wa dola, mtu ambaye jina lake hutajwa kila panapozungumzwa majengo ya Kiosmani. Hata hivyo, jina la Sinan halimo katika hayo matatu, na katika hayo matatu ni la sheikh lililoshinda. Mwenyeji wa mtaa akiulizwa njia hutaja Ramazan Efendi, na ndivyo vitabu vya mji vinavyoandika.

Mhadhara huu unakusudia kueleza ushindi huo wa jina. Vitabu vya historia ya usanifu huutaja msikiti huu kwa sababu mbili: kwamba ni miongoni mwa kazi za mwisho za Sinan, aliyefariki mwaka 1588, na kwamba kuta zake za ndani zimevishwa vigae vya Iznik vya daraja la juu kabisa. Sababu zote mbili ni za kweli. Lakini zote mbili hulitazama jengo kama kipande cha kitu kingine, ama cha maisha ya msanifu mmoja, ama cha historia ya sanaa moja. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba jengo hili huonekana vizuri zaidi likisomwa kama msikiti wa mtaa, na kwamba msemaji wa Kiswahili anao tayari, ndani ya lugha yake mwenyewe, msamiati mwingi wa kulisomea.

Huenda mwanafunzi akauliza Istanbul inamhusu nini. Katika miaka ile ile ambayo mafundi walikuwa wakizipandisha kuta za msikiti wa Hüsrev, nahodha wa Kiosmani aitwaye Mir Ali Bey alivuka kutoka Yemen hadi pwani ya Afrika Mashariki. Katika safari yake ya 1585 na 1586 miji kadhaa ya pwani ilimpokea na kutangaza utii kwa sultani. Katika safari ya pili Wareno walimkamata Mombasa, mwaka 1589. Karne tatu baadaye, katika miaka ya 1880, mwanazuoni Ahmad bin Sumeit (1861–1925), ambaye alikuja kuwa kadhi mashuhuri wa Zanzibar, alikaa Istanbul kwa muda akisoma na kukutana na wanazuoni wa huko. Hizi ni nyuzi nyembamba, wala haifai kuzinenepesha. Uzi ulio mnene ni wa maneno.

Maneno ya msikiti

Kituruki cha Kiosmani na Kiswahili ni lugha zisizo na nasaba moja, lakini zote mbili zilichota katika kisima kimoja cha Kiarabu. Kila moja ilichota kwa ndoo yake. Kwa hiyo maneno yake hufanana kama watu waliolelewa na mlezi mmoja katika nyumba mbali mbali: sura ya neno hutambulika, mwendo wake ni mwingine.

Mfano ulio karibu ni jina la jengo lenyewe. Kituruki kina maneno mawili. Mescid, ambalo asili yake ni moja na msikiti wa Kiswahili, ni mahali padogo pa kusalia sala tano za kila siku. Cami ni msikiti wenye mimbari, unaosomwa hotuba ya Ijumaa; na katika dola ya Osmani kuuweka msikiti katika daraja hiyo kulihitaji idhini ya sultani, kwa sababu hotuba ilimtaja yeye. Kiswahili hakikulichukua neno la pili kwa maana hiyo. Husema msikiti wa Ijumaa. Lakini mzizi wake kimeutumia kwa ukarimu mkubwa: jamii, jamaa, jumuiya, na Ijumaa yenyewe. Mturuki asemapo cami hutaja jengo. Mswahili akilisikia neno hilo husikia watu waliokusanyika. Kwa msikiti wa mtaa, sikio la Kiswahili ndilo lililo sahihi zaidi.

Ajabu kubwa zaidi, na ya kuwafurahisha wanaosoma sarufi, ni neno mahalle. Kwa Waosmani mahalle ni mtaa, kipande cha mji chenye nyumba, kisima, mikate na msikiti wake. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutua, kushusha mizigo na kukaa. Katika mzizi huo huo Kiswahili kilipata mahali, neno ambalo wanasarufi hulitaja kama jina la pekee katika ngeli ya PA-. Lugha moja ilifanya kutua kuwa mtaa. Nyingine ilifanya kutua kuwa nafasi yoyote chini ya jua, ikalipa ngeli nzima peke yake. Katika nyaraka za Kiosmani mtu hakutambulishwa kwa jina lake tu, bali na kwa mahalle yake. Asiye na mtaa hakuwa na mahali.

Mnara umepokewa na Kiswahili kana kwamba ulizaliwa humo, umoja mnara, wingi minara, katika ngeli ya M-/MI-. Kituruki husema minare. Mihrabu, mimbari, kuba, imamu na muadhini hazihitaji maelezo. Linalohitaji maelezo ni Efendi. Neno hili, ambalo Waturuki nao walilipata kwa Wagiriki, lilikuwa jina la heshima la msomi, kadhi au sheikh. Lilifika Afrika Mashariki kwa njia ya kambi za askari. Mwaka 1889 Wajerumani waliandikisha Misri wanajeshi wa Kisudani, na jeshi la Misri lilikuwa likitumia vyeo vya Kituruki. Hivyo katika jeshi la kikoloni vikaingia efendi, shaush na ombasha. Viwili vya mwisho vimesahaulika kwa wengi. Cha kwanza kipo kila kituo cha polisi: afande. Basi anayesoma jina la msikiti huu kwa Kiswahili na alivue neno hilo kofia na mkanda, alirudishie kilemba. Ramazan Efendi ni Sheikh Ramadhani.

Mtaa na wakfu wake

Mji wa Istanbul wa karne ya 16 haukupangwa kwa barabara zilizonyooka. Ulipangwa kwa mitaa, na mtaa ulikua kuuzunguka msikiti. Daftari la wakfu za Istanbul la mwaka 1546 limeorodhesha mitaa zaidi ya 200 na wakfu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa ndogo sana: nyumba moja, duka moja, au kiasi cha fedha ambacho faida yake ilimlipa msomaji wa Kurani. Karne mbili baadaye Hafız Hüseyin Ayvansarayî aliandika kitabu kizima cha misikiti ya mji, Hadikatü'l-Cevâmi, na katika kuueleza msikiti alizoea kutaja kama una mtaa wake au hauna. Kwake msikiti bila mtaa ulikuwa habari ya kuandikwa.

Imamu wa mtaa alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi kuliko kusalisha. Yeye ndiye aliyekuwa kiungo kati ya wakazi na kadhi. Aliwajua waliozaliwa, waliooa na waliokufa. Alishiriki katika kugawa mzigo wa kodi nyumba kwa nyumba. Mgeni alipotaka kuhamia, wenyeji na imamu wao ndio waliomdhamini. Kazi hizi za kiserikali zilianza kumwondoka mwaka 1829, Sultani Mahmud II alipoanzisha Istanbul cheo cha muhtar, mfano wa mjumbe au sheha. Kabla ya hapo mlango wa msikiti ulikuwa pia mlango wa serikali.

Yote hayo yaligharimiwa na wakfu. Neno lenyewe maana yake ni kusimamisha. Mali iliyowekwa wakfu imesimama: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, pato lake tu ndilo linalotembea. Hüsrev alipoamua kujenga hakujenga chumba cha sala peke yake, bali msikiti pamoja na zawiya ya watu wa tarika, na mahali pa kutawadhia. Msikiti usio na pato ungekuwa magofu baada ya kizazi kimoja. Mafuta ya taa, mikeka, mshahara wa imamu na wa muadhini, bati la risasi la kufunikia paa, vyote vilipaswa kupatiwa fungu. Kwa msomaji wa Lamu au Unguja hili si geni: pwani nayo imekuwa na mashamba ya minazi na nyumba ambazo pato lake ni la misikiti.

Jengo

Anayetarajia kuona Süleymaniye ndogo atavunjika moyo. Sinan alikuwa msanifu mkuu kwa muda wa miaka karibu 50, na orodha zilizoandikwa katika zama zake zinamhesabia misikiti ya Ijumaa zaidi ya 80, mbali na misikiti midogo, madrasa, madaraja na hamamu. Kwa sultani alijenga kuba za mawe zinazobebana kama mawimbi. Kwa mfanyabiashara wa Kocamustafapaşa alijenga chumba kimoja cha mstatili, chenye paa la mbao.

Tofauti hiyo haikuwa ya fedha tu. Jamii ya Kiosmani ilikuwa na adabu ya majengo, na msanifu mkuu ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Minara miwili au zaidi ilikuwa ya familia ya sultani. Wengine wote walitosheka na mmoja. Msikiti wa Hüsrev una mnara mmoja, mwembamba, wenye uwiano mzuri, na kila anayeujua mji huo husoma daraja ya mjenzi kabla hajafika mlangoni. Kwa upande huu pwani ya Waswahili ilikwenda njia nyingine kabisa: misikiti yake mingi ya kale haikuwa na mnara, na muadhini alipanda ngazi hadi darini.

Ndani, dari ya leo ni bapa. Wataalamu wengi hudhani kwamba hapo awali palikuwa na kuba ya mbao iliyofichwa ndani ya paa la mteremko, isiyoonekana kwa aliye nje, na kwamba mbele palikuwa na baraza yenye kuba tatu ndogo juu ya nguzo nne za marumaru, kabla tetemeko la ardhi halijaibomoa. Dhana ya kuba ya mbao si ya kubuniwa hewani. Nje ya lango la Topkapı, katika ukuta wa mji, upo msikiti wa Takkeci İbrahim Ağa, mshona kofia, uliojengwa miaka michache baadaye, mwaka 1591 au 1592. Humo kuba ya namna hiyo ingalipo, na kuta zake nazo zina vigae vya Iznik. Mfanyabiashara na mshona kofia waliheshimu adabu ya nje: paa la kawaida, lisiloshindana na la pasha. Fahari yao waliifungia ndani, mahali ambapo ingeonwa na waliokuja kusali tu.

Baraza ya sasa ya mbao na kioo ni dhaifu kwa sura, na wanaoandika kuhusu usanifu huikemea. Lawama hiyo ina haki yake, lakini imesahau jambo. Msikiti wa mtaa hutengenezwa na watu wa mtaa, kwa kilichopo. Kuba tatu za mawe zilipoanguka, waliohitaji kuvua viatu pasiponyeshewa hawakuwa na Sinan wa kumwita wala hazina ya mfanyabiashara wa kasri. Walijenga walichoweza, na sala haikukatika. Baraza hiyo mbaya ni hati ya historia sawa na mnara ulio mzuri.

Juu ya mlango lipo jiwe la maandishi. Shairi lake ni la Mustafa Sâi Çelebi, rafiki wa Sinan, yule yule aliyeandika maisha ya Sinan kwa maneno ya msanifu mwenyewe. Hivyo kwenye mlango wa msikiti mdogo wanakutana mtu aliyejenga na mtu aliyemfanya mjenzi akumbukwe. Lakini jiwe hilo limeandikwa Kituruki kwa hati ya Kiarabu, na tangu Uturuki ilipohamia hati ya Kilatini mwaka 1928, mtoto wa mtaa huo hupita chini yake bila kuweza kulisoma. Wanafunzi wa Kiswahili waliowahi kushika barua au utenzi ulioandikwa na babu zao kwa hati ya Kiarabu wanaijua hali hiyo: lugha ni yao, na mlango umefungwa.

Vigae

Iznik ni mji mdogo kusini-mashariki ya Istanbul, Nikea ya zamani. Mafundi wake walisaga mawe meupe yenye asili ya kioo wakayachanganya na udongo kidogo na unga wa kioo, wakapata kigae kigumu na cheupe. Juu yake walipaka utando mweupe zaidi, wakachora, kisha wakafunika picha kwa ngozi ya kioo angavu na kuchoma tanurini. Rangi zilikuwa chache: buluu, feruzi, kijani, nyeusi ya mistari, na nyekundu. Hiyo nyekundu, inayofanana na nyanya mbivu, ndiyo iliyowapa sifa. Ilitokana na udongo wenye chuma, ikapakwa nene hata kidole huihisi imeinuka juu ya kigae. Ilianza kutumika katika miaka ya 1550, na baada ya 1600 ikaanza kufifia kuwa kahawia. Kufikia mwisho wa karne ya 17 siri yake ilikuwa imepotea. Muda wa ubora wake haukuzidi sana umri wa mtu mmoja, na msikiti wa Hüsrev ulijengwa katikati ya muda huo.

Kuta za ndani za msikiti huu zimevikwa maua, majani marefu yaliyopinda na mapambo yenye umbo la mawingu, yote yakiwa katika weupe usiochafuka. Wapo wanaodai kwamba nyekundu yake haizidiwi na ya msikiti wowote mjini. Kituruki huviita vigae hivyo çini, yaani vya China, ingawa vilitoka mwendo wa siku chache tu. Kila bora wa vyombo alifikiriwa kutoka huko. Na Waswahili, bila kushauriana na mtu wa Iznik, walichukua bakuli na sahani za China zenyewe wakazipachika katika kuta za misikiti na makaburi yao. Tamaa ilikuwa moja: kuwa na ukutani kitu kisichopauka.

Vigae vilivyo vizuri hivyo ni hatari kwa jengo linalovimiliki. Katika karne ya 19 wakusanyaji wa Ulaya walivitamani, na vingi viling'olewa. Ubao mzima wa vigae kwenye kaburi la Sultani Selim II, kando ya Ayasofya, ulichukuliwa kwa kisingizio cha kutengenezwa na kubadilishwa na nakala. Wa asili upo Louvre, Paris. Vigae vya msikiti wa Piyale Paşa vilitawanyika katika majumba ya makumbusho. Ikiwa kaburi la sultani halikunusurika, msikiti wa mtaa ungenusurikaje? Jibu halimo katika sheria wala katika kufuli. Kaburi la sultani hukaa kimya siku nyingi. Msikiti wa mtaa huingiwa mara tano kila siku na watu wale wale, na anayeegemea ukuta ule ule kwa miaka 30 huona mara moja kigae kikitikiswa.

Sheikh

Sheikh Ramazan, aliyejulikana pia kwa lakabu ya Mahfî, yaani aliyefichika, alikuwa mtu wa Afyonkarahisar, katika bara la Anatolia. Alikuwa wa tarika ya Khalwatiyya, ambayo jina lake linatokana na kukaa faragha kwa ibada, na tawi lililotokana naye likaitwa Ramazaniyye. Ndiye sheikh wa kwanza wa zawiya ya Hüsrev. Aliishi hapo miaka kama 30 baada ya jengo kukamilika, akafariki mwaka 1616, akazikwa papo hapo.

Hapa ndipo suala la jina linapopata jibu. Hüsrev alitoa mali. Alipokufa, mali yake iliendelea kusimama katika daftari la wakfu, lakini uso wake haukuonekana tena. Sinan alitoa ramani, na huenda hakurudi. Ramazan alikaa. Alisalisha, alifundisha, aliongoza dhikiri, alipatanisha. Mtoto aliyekuwa na miaka 5 msikiti ulipofunguliwa alikuwa mtu mzima wa miaka 35 sheikh alipozikwa, na katika umri wake wote hakuwa amewahi kusema "nakwenda kwa mfanyabiashara". Majina ya mahali hayatolewi na jiwe la mlangoni, hutolewa na matumizi. Jambo hili wanaisimu hulisema kuhusu maneno yote, ila ni nadra kuliona limeandikwa wazi juu ya mlango mmoja hivi.

Mwaka 1924 wizara iliyosimamia wakfu ilifutwa na mali zake zikawekwa chini ya idara mpya ya serikali ya Jamhuri. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Novemba 1925, sheria namba 677 ilizifunga zawiya zote za Uturuki na kupiga marufuku vyeo vya masheikh wa tarika. Zawiya ya Kocamustafapaşa ilikoma. Chumba cha sala kilibaki wazi, kwa kuwa sheria haikugusa msikiti. Cheo cha sheikh kilifutwa katika nchi nzima. Lakini wenyeji wa mtaa, walipotaka kumwelekeza mgeni, waliendelea kumwambia apite barabara kuu, kisha aulize kwa Ramazan Efendi.